Sura ya Saba: Gunia Mgongoni

Aibu ya kwanza siku ile aliileta Inspekta Monika Mayige mwenyewe, tena kabla hajaanza kupanda mlima.

Boti ilikuwa imewashusha kwenye mwalo wa kisiwa cha Nyamhunze asubuhi, jua likiwa bado halijachachamaa. Walikuwa watatu: Monika, mpelelezi kutoka ofisi ya mkoa kule Bariadi, Konstebo Magese, mzaliwa wa Nassa, aliyeendesha boti, na Zengo, mvuvi wa hapohapo kisiwani, aliyekuwa na pingu mikononi. Zengo alituhumiwa kumsukuma mvuvi mwenzake, Josia, kutoka juu ya genge la upande wa magharibi. Safari hii ilikuwa ya kumtaka aonyeshe alikopita siku Josia alipokufa. Baada ya hapo jalada lingekwenda kwa wakili wa serikali, na kwa jinsi lilivyokaa, Zengo angesomewa shitaka la mauaji huku mkewe Pelagia yuko wodini ng'ambo, akisubiri kujifungua mtoto wao wa kwanza.

Njia ya mlimani ilipita mbele ya nyumba ya Nyanjige, mama yake Pelagia. Monika alimkuta ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha, akadhani anatenda wema.

"Mwangaluka, mayu!" alimsalimia kwa Kisukuma, kwa sauti ya uchangamfu. "Nimekuletea mkweo. Karibu umsalimie, usije ukasema polisi hatuna utu."

Nyanjige alivuta khanga akajifunika uso wote, akaugeukia ukuta. Zengo naye akageukia ziwani, akainama mpaka kidevu kikagusa kifua, na pingu zikawa zinagongana mikononi mwake. Magese alitazama viatu vyake kana kwamba vimeharibika ghafla.

Hapo ndipo Monika akakumbuka. Alikuwa Msukuma wa kukulia nyumba za watumishi, leo mkoa huu, kesho ule, lakini bibi yake alimwambia mara chungu nzima: mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Yeye amemleta mtu na pingu zake, akamsimamisha mbele ya mkwewe kama mbuzi wa mnadani. Uso ulimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke aingie, lakini ardhi ya Nyamhunze ni mawe matupu.

"Afande," Magese alisema walipokwisha kupita, "pale umetuharibia."

"Najua."

"Mtu akikutana na mkwewe ana tope tu miguuni anaona haya. Sembuse na pingu."

"Nimesema najua, Magese."

Kitu kidogo kilibaki kikimkera hata hivyo. Mlango wa Nyanjige ulikuwa wazi nyuma yake. Mwanamke mwenye haya kiasi kile angeinuka akaingia ndani, naye hakuinuka. Monika alijiambia kwamba pengine ni uzee, wakaendelea na safari.

Mlima wa Nyamhunze si mrefu, ila una roho mbaya. Ni majabali yaliyorundikana juu ya majabali, minyaa imejipenyeza katikati, na pale unapodhani umepata udongo wa kukanyagia unakuta ni majani yaliyoziba shimo. Pimbi waliwachungulia kutoka kwenye mianya na kuwapigia kelele. Buti za Monika, alizozinunua Bariadi baada ya muuzaji kuzisifu, ziliteleza kwenye jabali la kwanza tu.

"Mfungue pingu," alimwambia Magese. "Mlima huu haupandiki kwa mikono iliyofungwa."

"Akikimbia, afande?"

"Akimbilie wapi? Majini?"

Magese akafungua. Zengo alisugua vifundo vya mikono, kisha akatangulia kimya. Alikuwa kijana, mabega mapana ya mtu wa kuvuta nyavu, na tangu akamatwe alikuwa hajamtazama mtu machoni.

"Hapo kanyaga kushoto, afande," alisema bila kugeuka. "Hilo jiwe linacheza."

Monika akakanyaga kushoto. Mtuhumiwa wa mauaji alikuwa anamlinda mpelelezi wake asivunjike mguu.

Njiani alilipitia jalada kichwani. Asubuhi ya siku ya tukio Zengo na Josia waligombana mwaloni kwa sababu ya nyavu zilizokatwa, na watu wote walimsikia Zengo akiapa kwamba atamwonyesha. Jioni Josia akaokotwa chini ya genge, simu yake imepasuka pembeni. Zengo alirudi mwaloni akiwa na damu kwenye shati. Majibu ya maabara yalikuwa bado hayajarudi. Alipoulizwa alikuwa wapi, alijibu kwamba alipanda mlimani kumpigia simu mkewe, maana kisiwa kizima mtandao unapatikana kileleni tu, kwenye jabali moja na jirani yake. Kampuni ya simu ikaleta taarifa zake: siku ile Zengo hakupiga simu yoyote. Alipoonyeshwa kwamba amedanganya, alinyamaza, na tangu hapo hakufungua tena mdomo juu ya jambo hilo.

Msumari wa mwisho uligongwa na Mihayo. Mihayo alivua na Josia kwenye boti moja. Alikula kiapo kwamba alikuwa mwaloni kwenye chanja za dagaa, akamwona Zengo akishuka ubavuni mwa mlima, mbiombio, ana gunia mgongoni. Polisi walitafuta gunia hilo kisiwa kizima wakafikiri ndani yake kuna nyavu za Josia, wasilione. Wenyewe walihitimisha kwamba lilitoswa ziwani.

Asubuhi hii, kabla ya kuondoka mwaloni, Monika alikuwa amempa Mihayo koti la mvua la njano na kumwambia asimame palepale aliposimama siku ile, asiondoke mpaka aitwe. Mihayo alikubali kwa furaha. Alikuwa shahidi anayependa kazi yake.

"Zengo," Monika aliita wakipumua chini ya mwamba. "Damu ile ilikuwa ya nani?"

Zengo alipangusa jasho.

"Shati nimeliona mimi mwenyewe. Damu iko nyuma, juu ya bega. Mtu akimpiga mwenzake damu humrukia kifuani, mikononi. Wewe ulipigana na Josia kwa mgongo?"

"Sikupigana na mtu."

"Sasa ilifikaje begani?"

Zengo alichuma kijiti cha mnyaa, akaona utomvu wake unatoka, akakitupa.

Karibu na kilele njia ilibanwa. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa jabali, upande wa pili mwanya mrefu ulioshuka gizani, na katikati upenyo wa kupita mtu mmoja. Wawili wakikutana hapo, lazima mmoja arudi au akanyage mawe ya pembeni. Zengo alipafika, akasita. Halafu akapita upesi, ameugeuzia mwanya ule kisogo.

Monika alikuwa amehoji watu wengi. Alijua kwamba mtu hukwepa kutazama mahali anapopaogopa. Alipiga magoti akachungulia.

Chini kwenye mwanya, si mbali, palikuwa na kandambili moja, nyembamba kwa kuvaliwa, mkanda umekatika. Ilikuwa ndogo. Magese alishuka akaichukua, na alipokuwa kulekule chini akaita kwamba chini ya ukingo wa jiwe, mahali ambapo mvua haikufika, kuna doa la kahawia. Wakalipiga picha, wakakwangua kidogo, wakatia kwenye bahasha. Kandambili nayo ikatiwa kwenye bahasha yake.

"Ya nani hii?" Monika aliuliza.

"Sijui," Zengo alijibu papo hapo.

Tangu akamatwe, maswali yote aliyajibu taratibu au hakuyajibu kabisa. Hili alilijibu kabla halijaisha. Na masikio yake, Monika aliona, yalikuwa yamewiva.

Kutoka kwenye mwanya ule kulishuka korongo lililopinda na kupotea nyuma ya majabali.

"Hili linatokea wapi?"

"Nyuma ya..." Magese alianza, akafikiri kidogo. "Nyuma ya nyumba ya yule mama."

Monika alisimama ndani ya korongo akautafuta mwalo. Aliona mawe. Alipanda juu ya jiwe, akaona mawe mengine makubwa zaidi. Alishuka nalo mpaka linapopinda, akarudi. Koti la njano halikuonekana popote. Na kama yeye haoni chanja, mtu wa kwenye chanja haoni korongo.

"Zengo, kuna njia nyingine ya kushukia mlima huu?"

"Ile tuliyopandia. Na hii."

"Ile tuliyopandia mtu anayeshuka nayo anaonekana kutoka mwaloni?"

"Anaonekana, afande," alidakia Magese. "Lakini akinamama wote waliokuwa wanaanika dagaa siku ile wanasema hawakumwona Zengo akishuka kwenye njia. Tuliandika kwamba hawakuwa makini."

Monika alikung'uta vumbi magotini. Yaliandikwa mengi mwezi ule kwa uvivu wa kupanda mlima, na saini yake ilikuwa chini ya baadhi ya hayo.

Wakaenda mpaka juu ya genge alikoangukia Josia, jirani kabisa na Jiwe la Simu, kama wenyewe wanavyoliita. Upepo ulipiga kutoka ziwani. Monika alimrudisha Magese korongoni, akamwambia ashuke polepole. Kisha akasimama ukingoni, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimelala na kung'oka, akatazama.

Kutoka pale aliliona korongo lote, tangu mdomo wake mpaka mkia. Alimwona Magese, kofia yake, hata mkono aliokuwa akijikuna nao shingoni.

Mahali pengine popote kisiwani korongo lile lilifichika. Mtu aliyemwona Zengo na gunia alikuwa amesimama hapa, ambapo Josia alikuwa, siku hiyohiyo, jioni hiyohiyo. Gunia ambalo kila mtu alidhani linamfunga Zengo lilikuwa linamfunga Mihayo.

Lakini gunia lenyewe lilikuwa nini?

Monika alikaa kwenye jabali. Juzi alikuwa amepita wodini kwa Pelagia, akamuuliza kama mumewe alimpigia simu siku ile. Pelagia alisema hapana, ni mama tu ndiye aliyepiga, tena hawakuongea sana. Mama alikata. "Alisema ngoja nimpishe mtu, nitakupigia." Hakupiga tena. Monika aliliandika jambo hilo kwa sababu kazi yake ni kuandika, bila kuliona lina maana gani.

Bibi mzima, kwenye mlima kama huu, kwenye upenyo wa mtu mmoja. Nani wa kupishwa na mama wa umri ule? Vijana wote wa kisiwa wangempisha yeye. Wote, isipokuwa mmoja tu, ambaye ni lazima mama mwenyewe amwachie njia.

Na asubuhi mama huyo hakuinuka kizingitini. Haikuwa uzee.

"Zengo," alisema taratibu. "Mihayo anasema ulibeba gunia."

"Ndiyo."

"Unakubali?"

"Nilibeba gunia."

"La nini?"

"Mkaa."

Monika alitazama huku na huku. Kisiwani mlikuwa na minyaa, nyasi na mawe. "Ulichoma mkaa wa mti gani?"

"Andika mkaa, afande."

"Nikiandika mkaa hutoki. Shitaka hili adhabu yake unaijua."

"Andika."

"Na Pelagia?"

Zengo alibana midomo kwa meno. "Pelagia bado kijana," alisema. "Ataolewa."

Monika angeweza kumbana zaidi, na angevunjika. Alikuwa amebakiza kidogo tu. Hakuweza. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliona haya kuuliza swali ambalo jibu lake analijua. Aliona kwamba mtu huyu amejivika kitanzi mwenyewe ili mwanamke mmoja asisemwe, na yeye, serikali, amekuja kumvulia nguo mwanamke huyo hadharani. Lazima amvulie. Hakuna njia nyingine. Hilo ndilo lililomuuma.

"Magese," alisema konstebo aliporudi. "Mshushe kwa njia ya mbele. Ukikaribia kwa yule mama, zunguka nyuma ya majabali. Wasionane tena."

"Sawa, afande." Magese alimtazama, na safari hii alikuwa na heshima kidogo machoni.

Nyanjige alikuwa palepale kizingitini. Monika alivua buti, akaketi chini kwenye udongo, ili asimzidi kimo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Nimekuja kuomba msamaha. Asubuhi nimekutia aibu."

Nyanjige alisogeza khanga miguuni. Alikuwa mwanamke mwembamba, uso umechoka, na kwenye paji la uso, chini ya kilemba, palionekana ncha ya kovu bichi. Mguu mmoja ulifunikwa khanga mpaka kwenye vidole.

"Mguu umefanya nini, mayu?"

"Niliteleza hapa mlangoni."

"Lini?"

"Zamani, zamani kidogo."

Monika alitoa bahasha, akaiweka chini kati yao. Kandambili ilionekana vizuri kupitia nailoni.

Bibi aliitazama. Halafu akajifunika uso kwa mikono yote miwili, na sauti yake ikatokea nyuma ya vidole.

"Amesema?"

"Nani?"

"Huyo mtu. Amesema?"

"Hajasema. Anasema alibeba mkaa."

"Mkaa!" Mabega yalimtikisika. "Mungu wangu, mkaa."

"Mayu, nisimulie. Niko peke yangu."

"Nisimulie nini, ng'wana wane, mwanangu? Mimi nimemzaa mke wake." Kisha maneno yakaanza kutoka moja moja. "Nilikuwa natoka kule juu, naongea na Pelagia. Nikamwona anapanda. Yeye alikuwa hajaniona. Mwenye kuona kwanza ndiye anapisha. Nikakanyaga pembeni, jiwe likaondoka. Nikaingia kwenye ule mwanya. Kichwa kikapiga jiwe kikapasuka, mguu ukavunjika. Kile kitenge kilichoanikwa pale, cha maua ya njano, kikabaki juu kimenasa, mimi huku chini niko na sketi ya ndani tu. Mzee kama mimi."

"Ukapiga kelele."

"Niliziba mdomo! Nilisema afadhali apite, nife hapa, watanikuta wengine. Lakini alisikia mawe." Alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Akaja amefumba macho. Nakwambia kweli, alishuka kwenye yale mawe amefumba macho, anapapasa kama kipofu. Akavuta kitenge, akanifunika chote, kichwa mpaka miguu, akanifunga kama mzigo. Akaniweka mgongoni. Hakunisemesha, nami sikumsemesha. Akanishusha hapo nyuma, akaenda, hakugeuka."

"Ulisikia chochote huko juu?"

"Nilikuwa ndani ya kitenge. Nilisikia moyo wake tu unavyopiga." Aliposema hivyo alishtuka, kana kwamba ametamka tusi. "Tazama sasa maneno haya. Mwiko mwingine huchinjiwa kondoo ukasafishika, hili hata kondoo wa kulisafisha hayupo."

"Mayu, ulijua amekamatwa."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilisema hajaua, watamwachia. Kila siku nasema kesho watamwachia." Aliinamisha kichwa. "Naona aibu mbili sasa. Ile ya kubebwa, na hii ya kunyamaza. Lakini yeye ananificha kwa heshima. Mimi nikisema, si nitakuwa nimemvunjia yeye heshima?"

Monika alitafuta maneno ya sheria, akayaacha.

"Mlimani alikuficha kwa kitenge, mayu. Sasa anakuficha kwa shingo yake. Kitenge kilitosha. Shingo ni nyingi mno."

Upepo ulitikisa mlango. Nyanjige alibaki ameinama, anasugua goti la mguu usioumia kwa kiganja, tena na tena. Kisha akainua uso bila kuufunika.

"Andika," alisema. "Lakini usiandike kwamba alinishika. Andika alinibeba."

Monika akaandika hivyo.

Mihayo alikuwa bado amesimama kwenye chanja za dagaa ndani ya koti la njano, jasho linamtiririka. Jua sasa lilikuwa limechachamaa kwelikweli na harufu ya dagaa ilikuwa nzito.

"Pole kwa kusimama," Monika alimwambia. "Ndipo hapa?"

"Ndipo hapa hapa, afande."

"Na korongo ni lile kule, karibu na kilele?"

"Lile lile."

"Konstebo wangu yuko ndani yake sasa hivi, anapunga shati. Unamwona?"

Mihayo alikinga jua kwa kiganja, akakodoa. "Namwona."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa, afande. Macho yangu mazima."

"Anapunga kwa mkono upi?"

"Wa kulia."

Nyuma ya chanja mtu alikohoa. Mihayo aligeuka, akamkuta Magese amesimama na shati lake mwilini, vifungo vyote vimefungwa, na Zengo kando yake. Akinamama waliokuwa wanageuza dagaa wakaacha.

"Jua kali," Mihayo alisema, akijaribu kucheka. "Macho yamenidanganya."

"Leo yamekudanganya. Siku ile je? Lile gunia ulisema lilikuwa gunia tu, au lilikuwa na rangi?"

Mihayo aliona mlango wa kutokea, akaukimbilia. "Lilikuwa na rangi! Maua maua, ya njano. Hata nilishangaa, gunia gani hilo. Muulizeni mwenyewe kama naongopa!"

"Huongopi," Monika alisema. "Maua ya njano nimeyaona leo, kwenye kitenge. Kweli ulimwona. Ila hapa huoni korongo. Nimelitafuta koti lako kutoka kule mpaka macho yakaniuma. Pa kuliona korongo ni mahali pamoja tu: juu ya genge. Ulikuwa na Josia pale, Mihayo. Alipanda kumpigia nani simu?"

Mihayo alianza kuvua koti. Mkono mmoja ulinasa kwenye mkono wa koti, akauvuta, ukakataa.

"Alikuwa ananishitaki," alisema hatimaye, sauti ndogo. "Kwa ajili ya makokoro, zile nyavu za haramu. Alisema anampigia afisa uvuvi aje achome nyavu zangu zote. Nilimshika mkono nimnyang'anye simu tu. Tu, afande. Akateleza."

"Kisha ukamwona Zengo na mzigo."

"Nikamwona," Mihayo alisema, akikwepa macho ya akinamama wale. "Nikasema, huyu si waligombana asubuhi."

Pingu ilikuwa moja. Magese akaichukua kutoka mfukoni, akamfunga nayo Mihayo juu ya koti la njano. Zengo aliitazama ikifungwa, uso wake haukuonyesha nafuu yoyote. Alimsogelea Monika, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni.

"Ulimuuliza," alisema.

"Nilimuuliza."

"Kwa nini, afande? Mimi nilikuwa nimeshakubali."

"Kwa sababu hukuua."

"Sasa nitapita wapi kisiwa hiki?" Alitazama njia ya mlimani. "Watu watasema Zengo alimbeba mkwewe. Mwanangu ataambiwa. Naye huyo mkwe atakaaje na watu?"

Monika alilifunga daftari lake. Alikuwa amemtoa mtu kwenye kitanzi, na alijisikia kama mwizi aliyeshikwa na kitu cha watu mkononi.

Magese aliondoka na Mihayo kwa boti ya wavuvi, wazee wawili wa mwalo wakiwasindikiza. Nyanjige ilibidi avuke pia, mguu uonekane hospitalini na maelezo yake yasainiwe. Akinamama wa dagaa walimleta amelala juu ya kitanda cha kamba, bila kuuliza swali hata moja, na Monika aliona kwamba walishajua, au walishaamua kutojua. Boti ya polisi ilikosa dereva. Aliyekuwapo ni Zengo.

Safari hii Monika alipanga mwenyewe. Alimketisha bibi mbele kabisa, amejifunika, uso unatazama ng'ambo, upande wa mji wa Lamadi. Zengo akakaa nyuma kwenye injini, uso ameugeuzia pembeni majini. Yeye akakaa katikati kama pazia.

Zengo alishika kamba ya injini. Kabla hajaivuta, Nyanjige alisema bila kugeuka:

"Ng'wana wane."

"Naam, mayu," Monika aliitika.

"Mwambie huyo wa nyuma, gunia linashukuru."

Boti ilikuwa fupi, ziwa lilikuwa shwari, na Zengo alikuwa amesikia kila neno. Mkono wake ulikuwa umeganda kwenye kamba. Lakini hakujibu. Alikuwa anasubiri, na Monika, aliyeharibu asubuhi, alielewa anasubiri nini. Akageuka nyuma.

"Zengo. Mama anasema, gunia linashukuru."

Zengo aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye mbao za boti, asiyafute.

"Mwambie mama," alisema, "halikuwa zito."

Monika akageuka mbele kuufikisha ujumbe.